Nyumba ya Kupangisha Haijisimamii



Mkazi yeyote wa Dar es Salaam ameshayaona maandishi haya mara nyingi hadi hayamshtui tena. Yamepigwa kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba, au kwenye kibao kilichochomekwa katikati ya kiwanja kitupu: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Chini yake kuna namba ya simu. Hebu fikirini maana yake. Mwenye mali amelazimika kuwatangazia wapita njia kwamba mali yake haiko sokoni, kwa kuwa anajua yupo mtu anayeweza kuiuza yeye akiwa kazini, na yupo mwingine, mwenye fedha halali aliyoitolea jasho, atakayeinunua.

Huyo wa pili ndiye ninayetaka kuzungumza naye jioni hii. Ni mtu anayeanza. Huenda ni mwalimu aliyepokea mkupuo wake baada ya kustaafu, au muuguzi aliyeweka akiba kwenye kikoba mwaka hadi mwaka. Huenda ni kijana wa duka la nguo Kariakoo, au dada yetu aliyeko Muscat anayemtumia kaka yake fedha za tofali kila mwisho wa mwezi. Wote wanasikia ushauri uleule: nunua kiwanja, jenga vyumba, weka wapangaji, kula kodi mpaka uzeeni.

Ushauri huo si mbaya. Vyumba vya kupangisha vimesomesha watoto wengi katika nchi hii, na vimewatunza wajane ambao bila hivyo wangeomba. Lakini ni ushauri uliokatwa katikati. Unasimulia kujenga, halafu unaruka moja kwa moja kwenye kula, na kazi yote iliyo kati ya hayo mawili haisemwi. Nyumba ya kupangisha haijisimamii. Inataka mtu aliye karibu nayo: karibu na karatasi zake, karibu na hesabu zake, na karibu na watu wanaolala ndani yake.

Wazee waliojenga Kariakoo, Ilala na Magomeni waliishi hivyo bila kufundishwa. Nyumba yao ya kawaida ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na uani palikuwa na jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Paa likivuja, lilimvujia na yeye. Choo kikikaribia kujaa, alijua kabla hajaambiwa. Mpangaji akifiwa, mwenye nyumba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukaa mkekani. Leo tunaishi Tabata tukijenga Chanika, tunaishi Mwanza tukijenga Kibaha, na habari za nyumba tunazipata kwa simu ya dalali. Umbali huo ndio unaozaa karibu kila tatizo nitakalolitaja.

Nitazungumzia Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Wenzetu mnaotusikiliza kutoka Mombasa, Bujumbura au Bukavu mtapima wenyewe yanayowagusa.

Tuanze na kiwanja, maana hapo watu huumia kabla ya tofali la kwanza. Kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wewe na mimi tunapewa haki ya kuikalia na kuitumia, kwa muda na kwa masharti. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kwenye makazi yaliyoota bila kupimwa kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi zaidi. Kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila, na ardhi ya kijiji haihami mkono bila halmashauri ya kijiji kuhusishwa. Kwa hiyo dalali akikuambia, "Bosi, kiwanja kina karatasi," muulize ni karatasi gani kati ya hizo, imetolewa na ofisi ipi, na inaisha lini.

Karatasi inayowaponza wengi ni ile ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ina picha za muuzaji na mnunuzi, ina sahihi za mashahidi, na mjumbe naye ametia yake. Mtu akiishika anajiona kamaliza. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba watu wawili walikaa wakauziana. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Hilo linathibitishwa kwa miguu yako mwenyewe. Kama kiwanja kimepimwa, chukua namba yake na kitalu chake, nenda ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, utaona kama hati imewekwa rehani benki, na utaona kama kuna zuio la mahakama. Kisha pita ofisi ya ardhi ya halmashauri, uulize eneo lile limepangiwa matumizi gani. Wapo walionunua kwa moyo mweupe mahali ambapo ramani ya mipango miji inasema ni shule au ni eneo la wazi.

Muuzaji akiwa na mke au mume, mwenzi huyo naye akae mezani na atie sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Akikuambia kiwanja ni cha marehemu baba, mwombe uteuzi wa msimamizi wa mirathi uliotolewa na mahakama. "Sisi watoto tumekubaliana" ni maneno mazuri, lakini mtoto mmoja aliyekuwa Tunduru siku mliyokubaliana anatosha kukuweka mahakamani kwa miaka.

Na usinunue kiwanja ulichokiona kiangazi tu. Rudi wakati wa masika, mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, usimame pale uangalie maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Zungumza na mama anayeuza vitumbua jirani. Atakuambia ambayo dalali hatakuambia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika bonde la Msimbazi na kuwaacha wengi bila makazi, na serikali ikawahamishia baadhi yao Mabwepande. Mwisho wa mwaka 2015 ikaja bomoabomoa katika bonde hilohilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 nayo ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande, na ziko sehemu ambako hifadhi ni pana kuliko hapo. Mwaka 2017, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, nyumba nyingi zilivunjwa kwa sababu zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Miongoni mwazo zilikuwamo nyumba nzuri, zenye umeme na maji, zenye wapangaji. Alama nyekundu ya X inayochorwa kwenye nyumba ya kubomolewa haijali umetumia saruji mifuko mingapi.

Sasa tuseme kiwanja ni safi. Hatari inayofuata iko kwenye hesabu, na hapa naomba mchukue kalamu.

Chukulieni mtu amejenga vyumba vitano vya kawaida pembezoni mwa mji, na kila kimoja anakipangisha kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa mwezi ni 300,000, na kwa mwaka ni 3,600,000. Kiwanja na ujenzi vimemgharimu milioni 35. Anagawanya 35 kwa 3.6, anapata miaka tisa na kitu, anafurahi. Kuanzia mwaka wa kumi, anasema, kila shilingi ni yangu.

Turudie hesabu hiyo taratibu. Chumba hakikai na mtu miezi 12 ya kila mwaka. Mpangaji anahama, chumba kinapakwa rangi, dalali anatafuta mwingine. Tukikadiria mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba, tumepoteza 300,000, na imebaki 3,300,000. Choo kinajaa na gari la kunyonya linaitwa, bomba linapasuka, bati linapeperushwa, kitasa kinavunjika: weka 400,000 kwa mwaka. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida, tangu mwaka 2023, ni 18,000 kwa mwaka. Pango la ardhi la kila mwaka hutegemea mahali na ukubwa, sisi tuweke 30,000. Weka pembeni asilimia 10 ya mapato kwa ajili ya kodi ya serikali, yaani 330,000. Nauli zako za kwenda na kurudi, simu, fundi wa kuja kutazama tu, weka 120,000. Kinachobaki ni shilingi 2,402,000. Sasa gawanya milioni 35 kwa hiyo. Unapata miaka 14 na nusu. Na kama ujenzi ulikuchukua miaka mitano ya kununua saruji kidogo kidogo, basi tangu siku uliyotoa fedha ya kiwanja umekaa karibu miaka 20 kabla mtaji wako haujarudi.

Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa. Kiwanja chenyewe nacho hupanda thamani, na nyumba itabaki kwa watoto. Lakini mtu anayejua ni miaka 14 anapanga maisha yake tofauti na anayeamini ni tisa. Hamwahidi mtoto ada ya chuo kwa fedha ambayo haijafika.

Na mwenye kutaka kujenga vyumba hivyo kwa mkopo asikilize kwa makini zaidi. Tuseme amekopa hizo milioni 35 zote kwa riba ya asilimia 16. Riba peke yake ya mwaka wa kwanza inakaribia shilingi 5,600,000, na vyumba vinaleta 3,600,000 vikiwa vimejaa mwaka mzima. Hata riba haijalipwa, sembuse deni lenyewe. Rehani yenyewe huenda ni nyumba anayoishi na familia yake. Mkopo wa kujenga vyumba vya kupangisha unamfaa mwenye mshahara au biashara nyingine inayoweza kuulipa hata vyumba vikiwa vitupu. Asiye na hilo, ajenge kwa fedha yake, na ajenge kidogo.

Kujenga kidogo ni ushauri ambao watu hawapendi kuusikia. Tembeeni Goba, Chanika, Mbezi, mtayaona mapagale yaliyoota majani ndani, misingi ya vyumba kumi, nguzo za ghorofa zilizosimama na nondo zinazochungulia juu zikila kutu. Kila pagale ni fedha ya mtu iliyofungiwa. Vyumba viwili vilivyokamilika, vyenye milango, choo na maji, vina faida kuliko vyumba kumi vilivyoishia kwenye lenta. Viwili hivyo vitakufundisha kazi, vitakuletea fedha ya cha tatu, na vikikushinda hasara itakuwa ndogo.

Ndugu zetu mnaojenga mkiwa mbali, Oman, Uingereza au Marekani, umbali wenu ni mkubwa kuliko wa wote, na mnajua machungu yake. Msimpe ndugu mmoja fedha, usimamizi na siri yote ya ujenzi. Huko ni kumtwika mzigo unaoweza kumshinda hata mtu mwema. Fundi alipwe kwa hatua: msingi ukikaguliwa ndipo fedha ya ukuta itoke. Mkaguzi awe mtu mwingine, mwenye ujuzi, unayemlipa kwa kazi hiyo. Vibali, hati na mikataba viandikwe kwa jina lako, na nakala zake zikufikie huko uliko.

Sasa nyumba imekwisha na mpangaji wa kwanza anakuja. Hapa ndipo kazi inapoanza.

Mara nyingi huletwa na dalali. Kwa desturi ya mjini dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, na akishaipokea kazi yake imekwisha. Kwake, mpangaji anayehama kila baada ya miezi sita ni riziki. Kwako ni hasara. Kwa hiyo usimwachie dalali kazi ya kumjua mtu atakayelala kwako. Mpokee mwenyewe. Muulize anafanya kazi gani, alikuwa anakaa wapi na kwa nini anahama. Chukua nakala ya kitambulisho chake cha taifa (NIDA) na namba ya simu ya ndugu yake mmoja. Mpeleke mkajitambulishe serikali ya mtaa. Mpangaji mwema haoni vibaya kuulizwa kwa heshima.

Nalisema hili nikijua upande wake wa pili. Wapo wenye nyumba wanaouliza ili wabague. Mwenye watoto hatakiwi, kwa kuwa watoto wanachafua ukuta. Binti anayeishi peke yake anatazamwa kwa jicho baya. Huo ni udhalimu, na pia ni upungufu wa hesabu, kwa sababu familia yenye watoto wanaosoma shule ya jirani ni miongoni mwa wapangaji wasiohama ovyo. Ukuta unapakwa rangi. Mpangaji wa miaka sita hapatikani kila siku.

Mkataba uandikwe, nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Uandike kiasi cha kodi na siku ya kulipa, muda wa mkataba, na notisi ya kuhama kwa kila upande. Uandike amana kama ipo, na ni kwa ajili ya nini. Uandike nani anatengeneza nini. Siku ya kuingia, zungukeni pamoja chumba kwa chumba: vioo vizima, swichi zinafanya kazi, bomba halivuji, halafu muandike na mtie sahihi. Wazee wana usemi, mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mwenye nyumba daftari hilo ni la kodi, la matengenezo na la mikataba. Kila fedha inayoingia itolewe risiti. Siku hizi mpangaji anaweza kulipa kwa simu, na ujumbe wa muamala unabaki kwenu nyote wawili kama ushahidi.

Mkataba usipoandikwa, msidhani hakuna sheria. Sheria ya Ardhi inaweka wajibu ndani ya kila pango hata kama hamkuutaja. Mwenye nyumba anapaswa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kuingiliwa, na pale unapopangisha sehemu tu ya jengo, kulitunza paa, kuta kuu na mifereji ya jengo hilo ni juu yako. Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984, ambayo iliwawekea wenye nyumba mipaka kwenye kiwango cha kodi na kwenye kumtoa mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano, kwa hiyo uzito wote umehamia kwenye mkataba. Asiyeuandika amejinyima ngao aliyoachiwa.

Nije kwenye jambo linalozungumzwa kila daladala: kodi ya miezi sita, au mwaka mzima, kwa mkupuo. Wenye nyumba wanaoanza huitaka kwa sababu wamemaliza ujenzi wakiwa hawana kitu, na fedha hiyo ndiyo itakayonunua milango ya vyumba vilivyobaki. Ninaielewa haja hiyo. Lakini tazameni inavyofanya kazi. Kijana wa mshahara wa laki nne anatakiwa atoe kodi ya miezi sita pamoja na ya dalali. Anakopa. Miezi sita inayofuata anailipa ile mikopo, na siku kodi inapoisha hana akiba ya kulipa tena, kwa hiyo anaanza kukwepa, au anahama. Wewe nawe fedha umeshaitumia mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu choo kikijaa, huna hata ya gari la kunyonya, na mpangaji ambaye ameshakulipa mpaka mwezi wa sita anakuona mwizi. Kwa njia hiyo watu wawili waungwana wanageuka maadui bila yeyote kati yao kuwa na nia mbaya.

Mimi naamini anayeanza atafika mbali zaidi kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja au mitatu mitatu, pamoja na amana ya mwezi mmoja anayoiweka kando bila kuigusa. Mpangaji atapumua na kukaa. Wewe utakuwa na fedha ya kila mwezi ya kuitunza nyumba. Nawaomba wenye nyumba mlijaribu hili hata kwa chumba kimoja kwanza.

Ugomvi mwingine unaanzia kwenye mita. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Mwenye deni hilo kisheria ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na makato yanaonekana kwenye simu yake. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba anayempunguzia mpangaji kiasi hicho kwenye kodi bila kuombwa anajenga jina ambalo tangazo la dalali haliwezi kulinunua. Kama nyumba ina mita zaidi ya moja, fika Mamlaka ya Mapato (TRA) uhakikishe kodi ya jengo moja haikatwi mara mbili.

Na kama vyumba vyote vinatumia mita moja, jiandaeni kwa kelele. Mmoja ana taa na redio, mwingine ana friji na pasi, na wote wanachanga sawa. Isitoshe, shirika la umeme, TANESCO, lina daraja la bei nafuu kwa wateja wadogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na familia tano kwenye mita moja hazitabaki humo. Mita ya kila chumba, au walau mita ndogo ya ndani ya kupimia, inagharimu mara moja na inaondoa ugomvi wa kila wiki. Vivyo hivyo kwa maji. Kisima cha chumvi kinakula koki na kumchosha mpangaji, kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba nyumba ina maji, yaonje kwanza.

Kodi za serikali nazo msizikimbie. Pango ni mapato, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inayatambua hivyo. Ukimpangishia fremu mfanyabiashara au nyumba taasisi, atatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Kubalianeni kabla ya kusaini kama kiasi mlichotaja ni kabla ya makato au baada yake, kwa kuwa hapo mikataba mingi huvunjika mwezi wa kwanza. Ushuru wa stempu kwenye mkataba nao ulipwe, maana mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji.

Yatakuja pia yale tusiyoyapenda. Mpangaji amefukuzwa kazi, mwezi wa kwanza umepita, wa pili umepita, simu hapokei. Baadhi ya wenye nyumba wanaezua mabati, wanang'oa mlango, wanatoa vitu vya mtu nje mvua ikinyesha. Nawasihi, msifanye hivyo kamwe. Ni ukatili, unawaumiza watoto wasiodaiwa kitu, na unamgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Kaa naye kwanza, muulize, mwandikiane mpango wa kulipa. Ikishindikana, toa notisi ya maandishi. Baraza la Kata lipo kwa ajili ya kusuluhisha. Usuluhishi ukikwama, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye mamlaka ya kuamua, na amri ya kumtoa mtu hutekelezwa na dalali aliyeruhusiwa kisheria. Safari hiyo ni ndefu, ndiyo maana mkataba, risiti na daftari vina thamani: mwenye navyo anasikilizwa, na mara nyingi mpangaji akiviona anaafikiana nje ya baraza.

Wasikilizaji wangu, kwa nini nimelichukulia jambo hili kwa uzito? Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36. Sensa ya mwaka 2022 ikaikuta na milioni 5.38. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja alihitaji mahali pa kulala. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, limejenga na linajenga, lakini wengi wa watu hao hawakupokewa na shirika wala kampuni. Walipokewa na mama mwenye vyumba vitatu Mbagala na mzee mwenye nyumba ya uani Manzese. Hawa wenye nyumba wadogo ndio wanaoubeba mji huu. Mmoja wao akitapeliwa kiwanja, au akilemewa na deni, au akigombana na wapangaji wake mpaka akafunga vyumba, ni familia kadhaa zinazokosa pa kukaa.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya kumpigia dalali, jiulize kama una nafasi ya kuwa karibu. Je, utaweza kwenda ofisi ya ardhi mwenyewe? Utaweza kufika kwenye nyumba yako walau mara moja kwa mwezi, au kumlipa mtu mwaminifu afike kwa niaba yako? Utaweza kuacha sehemu ya kodi ya kila mwezi bila kuila, ili paa likivuja uwe nayo? Ukijibu ndiyo, anza, na anza na vyumba viwili. Ukijibu bado, hakuna aibu. Fedha yako inaweza kukaa kwenye hatifungani za serikali au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ikazaa taratibu, huku ukijifunza. Kiwanja kitakusubiri. Akiba ya miaka 20 ikishaingia kwenye kiwanja cha mtu mwingine, kuirudisha ni kazi ambayo wengi hawakuishi kuimaliza.